Kiti cha Msimamizi

Jumatatu, 3 Machi

Naanza shajara. Shemeji anasema watu wote waliofanikiwa huandika shajara. Nikamuuliza ya kwake iko wapi. Akasema yeye bado yuko kwenye hatua ya kusikiliza.

Anasikilizia kwenye kiti changu. Nilitaje hilo mapema. Nyumbani kwetu kuna kiti kimoja tu cha maana, chenye mto na mahali pa kuegemeza mikono, na kaka wa mke wangu amekikalia tangu alipokuja kutusalimia kwa siku mbili. Siku mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Kutwa ana simu sikioni, anasikiliza mihadhara ya mafanikio. Jioni ananihubiria mimi niliyetoka kazini.

Mimi ni fundi wa kukata katika karakana ya nguo. Wanaoshona hukaa. Wanaotia vifungo hukaa. Bwana Pasi ana stuli yake, akipenda. Mkataji husimama, kwa sababu meza ya kukatia ni ndefu na inafika kiunoni, na mkasi hautaki mtu aliyekaa. Nimesimama kwenye meza hiyo tangu kabla sijaoa. Ikifika jioni miguu yangu imeumuka kama mikate, na viatu navua kwa kusaidiwa.

Daktari hakunificha. Alisema nitafute kazi ya kukaa, la sivyo miguu itastaafu kabla yangu. Mke wangu alikuwepo. Tangu siku hiyo kila jioni hunitilia maji ya moto na chumvi kwenye beseni, na kila jioni ni maneno yaleyale: mwambie Mama Bosi miguu inauma, akupe kazi ya kukaa, akupe hata stuli. Mwambie tu!

Masikini, hajui dunia inavyokwenda. Mtu anayeomba stuli atabaki kuwa mtu wa stuli.

Lakini leo mambo yamefunguka. Mzee Msimamizi anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kitabaki wazi! Kile cha mbao chenye mgongo, kwenye kona karibu na dirisha, anapokaa kutwa nzima akitutazama tunavyohangaika. Kwetu msimamizi hutoka kwa wakataji, na wakataji tuko wawili tu. Mimi na Pini.

Pini ni dada, mwenzangu wa meza. Tunamwita hivyo kwa sababu muda wote amebana pini midomoni. Kwa hiyo haongei. Huimba wimbo mmoja kupitia puani, uleule, asubuhi mpaka jioni, na sijawahi kuujua unaitwaje. Sasa mtu asiyefungua mdomo atasimamia nini? Nafasi ni yangu. Kilichobaki ni kujijengea tabia za mtu aliyefanikiwa.

Shemeji ameahidi kunipa tabia mojamoja, nisije nikavimbiwa.

Jumanne, 4 Machi

Tabia ya kwanza: waliofanikiwa huamka wakati wengine wamelala.

Nimeamka. Nimetoka bila chai. Nimefika karakana wakati hata mwanga haujajua utokee wapi. Mlinzi alinifungulia geti, akanitazama, akarudi kibandani kwake. Ufunguo wa mlango wa ndani anao Mama Bosi. Nikakaa kwenye ngazi nimsubiri, ili akija anikute nimesimama imara, macho makavu, mtu wa kazi.

Kukaa ni kutamu jamani. Sikumbuki kilichofuata.

Nilipofumbua macho, Mama Bosi alikuwa ameniinamia, na nyuma yake mafundi wote wamesimama nusu duara kama kwenye msiba. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu amenifukuza. Nikasema hapana, nimewahi kazini. Shavu langu lilikuwa na alama za zulia la kufutia miguu, kwa hiyo sikuaminika. Akasema kila nyumba ina mambo yake na hakuna haja ya kuona aibu.

Kutwa nzima nimeonewa huruma. Bwana Pasi, ambaye ameachika mara mbili, alinipa mawaidha ya ndoa. Pini alitoa pini zake midomoni, akakata mkate wake nusu, akanisogezea. Nikala, maana njaa ilikuwa inaniuma. Lakini najua mbinu ya mpinzani nikiiona.

Jioni mke wangu aliniuliza kwa nini watu wanampa pole sokoni.

Jumatano, 5 Machi

Tabia ya pili: jione tayari umefika. Shemeji anasema ukifumba macho ukajiona ndani ya jambo, jambo lenyewe linakuja. Yeye anajiona ndani ya gari. Anajiona kila siku baada ya chakula cha mchana, na hukoroma kidogo.

Basi saa ya chakula wenzangu walipotoka nje, nilikwenda kwenye kona nikakikalia kiti cha msimamizi. Lo! Mgongo umeegemea. Miguu imetulia. Dirisha linaleta upepo. Nikafumba macho, nikajiona nikimwambia Pini asahihishe kola.

Sasa kuna jambo Mzee Msimamizi hajawahi kumwambia mtu. Mguu mmoja wa nyuma wa kiti ni mbovu. Ameuwekea kibiringo cha uzi kwa chini, na miaka yote hukaa ameegemea kushoto. Sisi tulidhani ni kiuno. Mimi nilikaa wima, kama mtu aliyefanikiwa.

Mguu ulikatika. Tulianguka wote, kiti na mimi.

Hakuna aliyeona. Niliurudisha haraka kwa gundi ya viatu, nikazungushia uzi, nikapachika kibiringo mahali pake. Ukikitazama kwa mbali, hujui. Nikatoka nje nikajumuika na wenzangu, nikacheka mahali pa kucheka.

Mzee Msimamizi akarudi kutoka kula. Ameshiba. Akaketi kwa uzito wake wote.

Sitaki kuandika.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Alibaki sakafuni akicheka, akasema amefanikiwa kudumu kuliko kiti. Lakini Mama Bosi hakucheka. Alisema hiyo ni ishara, mzee ametumika vya kutosha, apumzike kuanzia mwisho wa wiki hii na mshahara wake wa mwezi apewe wote. Mzee akapangusa macho. Nilijisikia vibaya sana. Nilijisikia vibaya robo saa nzima.

Kisha nikaona upande wa pili wa jambo. Nafasi imesogea! Na seremala ameitwa akitengeneze kiti, miguu yote minne. Kwa maneno mengine, natengenezewa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Bosi alituita mimi na Pini ofisini kwake. Ofisi ina feni. Nilisimama mahali feni inapofika.

Imekuja kazi kubwa: makoti ya wahudumu wa hoteli. Kitambaa ni cha bei, uso wake unang'aa na mgongo wake umefifia, kwa hiyo hakuna kukivaa nje ndani. Pini atakata viwiliwili. Mimi nitakata mikono. Mama Bosi alisema ataangalia kila mmoja anafanyaje, na baada ya hapo atasema nani anakaa kwenye kiti.

Mikono! Nilimuuliza kwa heshima zote kama viwiliwili havimfai zaidi mtu mwenye uzoefu. Alisema mikono, fundi. Pini aliguna kupitia pini zake. Huenda alikuwa anacheka. Huenda ni wimbo.

Jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni, Shemeji alinipa tabia ya tatu. Waliofanikiwa hawatumii nguvu. Wanatumia akili, wanatafuta njia fupi. Mke wangu, anayeongeza maji ya moto, akasema njia fupi anaijua: nimwambie Mama Bosi miguu inauma. Mimi na Shemeji tulitazamana. Ni mke mzuri lakini mambo haya makubwa yanampita.

Ijumaa, 7 Machi

Leo niandike kwa utulivu, maana siku moja watu watataka kujua nilianzaje.

Ukikata nguo nyingi, hukati mojamoja. Unatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, unaweka karatasi ya kipimo juu, unapitisha mashine ya kukatia mara moja, na yote yanatoka. Kazi ngumu ni kutandika. Unabeba jora zima begani, unatembea nalo mpaka mwisho wa meza huku kitambaa kikifunguka, unakunja, unarudi nalo, unakunja, unakwenda tena. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Hivyo ndivyo Pini alivyokuwa akifanya upande wake leo, anakwenda na kurudi, anaimba puani.

Mimi nikatumia akili. Nilichukua mpini wa fagio, nikapitisha katikati ya jora, nikauning'iniza mwanzo wa meza. Jora halibebwi tena! Kisha nikazungumza na Bwana Pasi, ambaye meza yake iko mwisho wa meza yangu. Kwa nusu ya chakula changu alikubali kuwa anavuta ncha ya kitambaa mpaka kwake. Anavuta, analaza, mimi huku nakata mwisho wa tabaka kwa mkasi. Anavuta, analaza, nakata. Sikutembea hata hatua moja. Na kwa kuwa sitembei, nilipandisha makalio kwenye pembe ya meza.

Nimekata makoti nikiwa nimekaa. Sidhani kama limewahi kufanyika.

Na matabaka yalivyopendeza! Yote yanatazama juu, yote yanang'aa. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimepitisha mashine, nimemaliza, nimefunga mafungu, nimeyapanga. Pini bado anazunguka na jora lake. Mama Bosi alipita, akasimama, akatazama mafungu, akatazama mpini wa fagio. Akasema hakujua kama nina mambo kama haya ndani yangu. Alitabasamu!

Pini aliacha kuimba. Akaja, akagusa fungu moja kwa kidole, akatoa pini mdomoni, akaniuliza nimetandikaje. Nikamwambia siri za kazi hazigawiwi bure. Alisimama kidogo kama anayetaka kusema kitu. Nikamwonyesha mgongo. Akarudisha pini.

Huo ndio wivu. Nimeuona kwa macho yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nusu siku kazini. Mzee Msimamizi ameagwa kwa soda na keki. Kiti kimerudi kutoka kwa seremala. Kimepakwa vanishi. Nilipita karibu nacho mara kadhaa bila sababu.

Nyumbani nilimwomba Shemeji anipishe kwenye kiti saa moja tu, nifanye mazoezi ya kukaa kama msimamizi. Akasema mhadhara uko katikati na ukisimama unapoteza nguvu. Nikageuza ndoo nikaikalia jikoni. Nikaweka mguu juu ya mguu, nikakunja uso, nikamtazama mke wangu anavyopika. Nilitazama kazi yake kwa makini, bila chuki, kama kiongozi. Nikamwambia vitunguu amevikata vinene.

Nimefukuzwa jikoni na ndoo yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechoka. Nitaandika kwa kifupi, halafu nilale.

Asubuhi mafundi walianza kushona makoti. Koti la kwanza, mkono wa kushoto, safi kabisa. Fundi Miwani, anayekaa cherehani ya mbele, akachukua mkono wa pili, akauweka upande wa kulia, akaugeuza, akauweka tena. Akavua miwani, akaifuta. Akachukua mkono mwingine kwenye fungu. Akachukua mwingine. Akafungua fungu lingine. Kisha akaniita kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Yote ni ya kushoto.

Nilielewa papo hapo. Ukibeba jora, ukaenda ukakunja ukarudi, kitambaa kinajigeuza chenyewe. Tabaka moja linatazama juu, linalofuata linatazama chini. Ukikata, wa juu unatoka wa kushoto, wa chini unatoka wa kulia, jozi kwa jozi. Hakuna anayelifikiria jambo hilo. Linakuja lenyewe kwa kutembea. Na mimi sikutembea. Matabaka yangu yote yalitazama juu, yakang'aa, na nikapata hoteli nzima ya watu wenye mikono miwili ya kushoto.

Ili kuwa na uhakika, Fundi Miwani aliushona ule mkono hivyohivyo upande wa kulia, na Mama Bosi akalivaa koti. Mkono wake wa kulia ulivutika nyuma, kama mtu anayetaka kujikuna mgongo mbele za watu. Bwana Pasi aligundua ana shati la kunyoosha upande wa pili wa karakana.

Jana Shemeji alinipa tabia ya tano (ya nne aliisahau): aliyefanikiwa hulia na tatizo dakika moja tu, kisha huligeuza kuwa fursa. Nikaikumbuka. Nikamwambia Mama Bosi kwamba hoteli nyingi zinafanana na wageni wanapenda kitu cha tofauti.

Alilivua koti taratibu sana. Afadhali angepiga kelele.

Hapo Pini akatema pini zote kwenye kiganja. Akaongea. Miaka yote hii sikujua ana sauti nzito namna ile. Alisema aliliogopa hilo tangu Ijumaa, ila kaka (ndivyo anavyoniita) hakutaka kuulizwa. Alisema kitambaa kingine kisinunuliwe kwanza. Viwiliwili vyake amevibana vizuri kwenye kukata, pembeni vimebaki vipande virefu, na vipande hivyo, vikipangwa kwa akili, vinatosha mikono ya kulia. Ile ya kushoto tutatumia nusu, nusu itabaki. Mama Bosi akauliza kama muda upo. Pini akasema upo, ikiwa kaka atamsaidia kutandika.

Kaka alimsaidia kutandika. Kaka alizunguka meza ile mchana kutwa, mwanzo hadi mwisho, mwisho hadi mwanzo, akishika ncha za vipande, akilaza, akigeuza, kila kipande uso chini. Pini hakunisema hata neno moja. Aliimba tu. Mara moja nilijikuta naitikia. Nilipojigundua nikaacha.

Vipande vilitosha, kwa kubanabana. Mke wangu alinivua viatu bila kuuliza kitu. Soksi moja ilibidi ikatwe.

Jumanne, 11 Machi

Leo miguu haikuingia kwenye viatu. Hata malapa yalikataa.

Mke wangu aliweka beseni, akanitumbukiza, akavaa viatu vyake vya kutokea. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda karakana kutoa taarifa kwamba siji. Nilimsihi asitaje miguu. Aseme niko kwenye kikao. Akasema sawa, kwa ile sawa yake.

Nimebaki na Shemeji. Nimekaa kwenye ndoo, miguu kwenye beseni, namtazama yeye kwenye kiti. Nilimwambia ukweli: nimechoka. Sijachoka leo tu. Nimechoka miaka. Nikiwa kijana nilidhani mtu akisimama sana, siku moja ataambiwa kaa. Hakuna anayekwambia. Shemeji alitoa simu sikioni, jambo ambalo halijawahi kutokea, akanitazama kwa muda. Nilidhani atanipisha. Akasema mhadhara wa leo unahusu uvumilivu, akaiweka simu sauti kubwa tusikilize wote.

Mke wangu alichelewa kurudi. Nikamuuliza amesema nini huko. Akasema ameongea na Pini kidogo, mambo ya wanawake. Nikamuuliza kama Pini alikuwa na pini mdomoni. Akasema hapana, walikuwa wanakunywa chai.

Basi nimeelewa. Kiti kimekwenda.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kazini na viatu vya Shemeji, ambavyo ni vikubwa na havijatumika.

Mama Bosi alitukusanya. Msimamizi mpya ni Pini. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kushoto na kulia. Mtu nimtakiaye mabaya sina, lakini niliumia. Nilitazama kile kiti na vanishi yake, nikatazama meza ya kukatia, nikahesabu moyoni miaka iliyobaki.

Pini alikisogelea kiti. Hakukaa. Alisema yeye kukaa hajazoea, na isitoshe ukikaa kwenye ile kona huoni mikono ya watu inafanya nini. Kisha akakishika kiti mgongoni, akakikokota, kikipiga kelele kwenye sakafu, mpaka kwenye meza ndogo ya kukagulia karibu na dirisha la pili. Akanitazama. Akasema kaka, kaa hapa.

Nilidhani ananidhihaki. Akarudia: kaka, kaa.

Alisema kuanzia leo mimi ni mkaguzi wa mishono. Kila nguo itapita kwangu kabla ya kufungwa, maana mkataji anajua kosa linapoanzia, na mimi najua zaidi ya wote. Watu walicheka hapo. Kazi ya kwanza ni kulifumua lile koti la mikono miwili ya kushoto. Meza ya kukatia itapata mtu mwingine mwenye miguu mizima. Mama Bosi alitikisa kichwa kukubali, akasema angejua mapema angelifanya zamani, nani alimkataza fundi kusema?

Juu ya kiti kulikuwa na mto. Nilipoutazama vizuri, niliona umeshonwa kwa mikono miwili ya koti, yote ya kushoto, ikajazwa vipande vya nguo. Unang'aa.

Nikakaa. Karakana nzima inanitazama, na mimi nimekaa. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la pamba. Pini aliinama, akaniambia taratibu kwamba mke wangu amemweleza yote, na siku nyingine nikiumwa niseme tu, hapa hakuna adui yangu. Nikamwambia asante, dada. Niliisema kwa moyo wangu wote.

Sasa ni jioni, nimetafakari, na mambo yamejipanga yenyewe. Nilifumba macho nikajiona kwenye kiti kile. Leo niko kwenye kiti kile. Kiti chenyewe! Nilikivunja, kikatengenezwa. Nilikata mikono vibaya, ikawa mto. Tabia ya pili na ya tano, neno kwa neno. Na mke wangu ni wazi alikwenda kunisifia, ingawa hakutumwa. Shemeji amefurahi sana. Anasema yuko tayari kuanza mihadhara yake mwenyewe, atakuwa anaitolea kwenye kiti changu, na mimi ndiye nitakuwa mfano.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekaa kutwa. Miguu imepungua, nimevaa viatu vyangu mwenyewe. Nimefumua, nimekagua, nimerudisha kola tatu kwa Fundi Miwani, naye amenichukia kidogo. Maisha haya.

Ila kuna jambo nimeliona. Mahali pangu mchana jua linaingia dirishani moja kwa moja. Ninachemka. Na ukikaa kwenye kiti hiki, ukatazama kupitia mlango wa ofisi, unaiona feni ya Mama Bosi inazunguka. Polepole. Kushoto, kulia. Nimeitazama sana.

Alasiri Pini alipita, akasimama karibu yangu. Akaona shati langu limelowa mgongoni. Akatoa pini midomoni, zote, akazishika mkononi, akaniuliza kama kuna kitu nahitaji. Akasema stoo kuna feni nyingine haina kazi. Akabaki amesimama pale ananitazama, anasubiri.

Nikamwambia hapana dada, kila kitu kiko sawa.

Mtu anayeomba feni atabaki kuwa mtu wa feni. Shemeji amenipa tabia ya sita, kurudia ya kwanza na ya pili, na nimefumba macho mara mbili tangu nifike nyumbani, nikaiona kabisa ile ya ofisini, inanipulizia mimi. Kesho natakiwa kuwa karakana kabla ya watu wote. Nimemwambia mke wangu aniamshe mapema. Amekwenda kuchemsha maji ya beseni.